Beira: hoteli ya matajiri iliyofungwa 1963, leo ni mtaa mzima ndani ya jengo moja

NondoKumiNaSita

Wakuu habari za jioni. Kuna siku humu watu walibishana kuhusu majengo ya zamani, huyu anasema yabomolewe, yule anasema yatunzwe, nikaahidi nitaleta kisa cha Beira, halafu nikapotelea site. Leo mvua imetufukuza kazini kwa hiyo kaeni kitako.

Mi ni fundi nondo. 2017 bosi mmoja alitubeba watu wanne kutoka Mbeya kwenda kumalizia godauni huko Beira, Msumbiji. Tulipita Kasumulu, tukaishusha Malawi yote mpaka Blantyre, tukatokea Tete pale unapovuka Zambezi, halafu Chimoio, Inchope, Dondo, unaingia Beira miguu imevimba hujui siku gani. Mji wenyewe uko chini kweli, bahari unaiona kama iko usawa wa kiuno chako.

Jumapili ya kwanza hakuna kazi, nikawa natembea na kijana mmoja wa Mocímboa da Praia, tulikuwa naye site. Hao watu wa kaskazini kwao wanaongea Kimwani, ukikisikia unaona ni Kiswahili kimevaa shati lingine, kwa hiyo ndo alikuwa mkalimani wangu. Tukafika sehemu inaitwa Ponta Gêa, mitaa ya wakubwa zamani, na hapo ndo nikaliona.

Jengo refu la zege, kona zake za mviringo, baraza kila ghorofa, rangi imeisha zamani limebaki kijivu na michirizi myeusi ya mvua. Juu pameota miti. Sio majani, MITI. Na kila baraza imening'inia nguo, vitenge, mashuka, sare za shule. Nikamuuliza kijana hii ni kambi ya nini, akacheka akasema "Grande Hotel hiyo, hotelini kwa watu."

Naendelea chini, msinikatishe.

NondoKumiNaSita

Historia yake kwa ufupi maana mi si mwalimu.

Ile sehemu ya Msumbiji, Manica na Sofala, Mreno aliipangisha kwa kampuni, Companhia de Moçambique. Kuanzia 1891 mpaka 1942 kampuni ndo ilikuwa serikali, ina polisi wake, kodi zake, mpaka stempu zake za barua, na makao makuu yake yakiwa Beira. Mkataba wa kutawala ulipoisha ikabaki na biashara, na katikati ya miaka ya 1950 ndo ikafungua hii hoteli. Mchoraji ni José Porto. Vyumba zaidi ya 100, bwawa la kuogelea kipimo cha Olimpiki, ngazi kubwa za kushukia kama bibi harusi. Wakaibatiza fahari ya Afrika.

Hesabu yao ilikuwa hivi: wazungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) hawana bahari, reli ya kutoka kwao inaishia Beira, basi watakuja na pesa. Na kweli walikuja. Ila wengi walikuja na magari yao na watoto wao wanatafuta pa bei rahisi karibu na mchanga, wenye pesa ya kulala mle walikuwa wachache kuliko vyumba. Tegemeo lingine lilikuwa kasino, na kibali cha kasino hakikutoka. Sasa una wafanyakazi jeshi zima, una umeme wa vyumba zaidi ya 100, na wageni wanahesabika kwa vidole. 1963 wakafunga.

Yaani haikumaliza hata miaka 10, tena ikiwa mpya, lifti zinapanda, maji yanatoka. Shikeni hiyo maana nitairudia.

Mangi_wa_Himo

Nimeweka kambi hapa. Mkuu tupia na picha basi.

tajiri_mtarajiwa

Hiyo haikuwa hoteli, ilikuwa sifa. Mtu anajenga kwa kuangalia jirani atasemaje. Hata hapa kwetu kuna lodge za ghorofa 4 barabarani zina mgeni mmoja na yeye ni shemeji wa mwenye lodge.

NondoKumiNaSita

@tajiri_mtarajiwa 😂😂 shemeji mwenyewe halipi.

Tuendelee. Baada ya kufungwa halikulala moja kwa moja, kumbi zilitumika kwa mikutano na shughuli, na bwawa liliendelea kuogelewa miaka mingi tu. Yaani hoteli ilikufa bwawa likabaki hai. Uhuru ulipokuja 1975 wakaingia Frelimo, chama kilichopigana na Mreno, wakageuza sehemu ya jengo kuwa ofisi na makazi ya askari, na kule chini wenyeji wanasimulia palikuwa gereza la watu wa siasa. Hii ya gereza kila mtu niliyeongea naye aliisema akiwa ameshusha sauti.

Halafu vita vya ndani, waasi wa Renamo na serikali, 1977 mpaka 1992. Beira iko katikati kabisa ya eneo la Renamo, Gorongosa, ngome yao, si mbali. Watu wakakimbia vijiji wakaja mjini, mjini hakuna nyumba, ila kuna hoteli tupu yenye vyumba zaidi ya 100. Wewe ungefanyaje? Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 wakaanza kuingia na hawajatoka mpaka kesho. Idadi inategemea nani kahesabu na lini, wengine wanasema 1,000 na kitu, wengine 3,000 na zaidi. Mi niliacha kuhesabu milango kwenye ghorofa ya pili kwa sababu milango haipo.

MzeeNachi

Vijana, mimi ni mtu wa Nachingwea. Naomba niongeze kidogo.

Hao Frelimo walianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuwa kwetu, Farm 17. Hiyo Farm 17 yenyewe ilikuwa nini? Shamba la karanga la Mwingereza. Alikuja baada ya vita vya pili na matrekta, na mipango, na reli ya kwenda Mtwara, akamwaga mamilioni ya pauni, na 1951 mradi ukawa umekufa. Pauni hazioteshi karanga. Palepale alipofeli Mwingereza ndipo wakafundishwa askari waliomtoa Mreno. Na leo pana shule ya sekondari.

Kwa hiyo kijana ninapokusoma kwamba hoteli iliwashinda wenyewe ikakaliwa na watu, mimi sishangai hata kidogo. Kongwa kule Dodoma ni hadithi hiyo hiyo, karanga kwanza, kambi ya wapigania uhuru baadaye.

NondoKumiNaSita

@MzeeNachi shikamoo mzee wangu. Asante sana, hii ya karanga sikuwahi kuiunganisha kabisa.

MzeeNachi

Marahaba. Endelea.

bint_Shangani

Mie wa Unguja, naufatilia huu uzi tangu juu. Kwetu mambo yamekwenda kinyume, majumba yetu ndiyo yamegeuzwa kuwa hoteli. Mambo Msiige leo hoteli. Africa House hapo Shangani ilikuwa klabu ya Waingereza, wewe mweusi huingii ila ubebe sinia, leo watu wanakwenda kunywa juisi wanatazama jua likizama. Sasa huko Beira hoteli imegeuka nyumba. Kipi bora hebu tuambieni, kwa maana wenyeji wa Mji Mkongwe wengi tushahamia ng'ambo, mji umebaki wa wageni.

NondoKumiNaSita

@bint_Shangani swali lako zito dada, ngoja kwanza niwaingize ndani maana hamjaingia bado.

Huingii tu kama unaenda sokoni. Kijana alinipeleka kwanza kwa katibu, jengo lina uongozi wake kama sisi tulivyo na mjumbe. Tukakaa kwenye ngazi tukasubiri karibu saa nzima. Mzee akaja na kandambili, akauliza huyu katoka wapi, akaambiwa Tanzania, fundi, akasema fundi wa nini, nikamuonyesha viganja. Akanipa mkono. Akasema jengo kwa nje pigeni picha mpaka simu izime, ila ndani ni nyumba za watu. @Mangi_wa_Himo umenisikia? Ndo maana hakuna picha.

Ndani sasa. Mapokezi pale chini pana ukubwa wa ukumbi wa harusi, leo ni njia ya watu, watoto wanacheza mpira wa makaratasi, pembeni mama anauza mkaa kwa vifungu na mwingine ana meza ya vitunguu, nyanya, sabuni ya kipande, na mkate. Mikate yao ile midogo mirefu, Mmsumbiji bila mkate hajaamka. Ukipanda juu korido ni ndefu na giza mchana kweupe, mwanga unakuja kwa vipande kupitia vyumba ambavyo mlango wake ni kitenge.

Chochote kilichong'oka kimeng'olewa. Vioo, mabomba, nyaya, sinki, mabafu ya kulalia, marumaru, vyuma vya lifti. Zile mbao ndogo ndogo za sakafuni zilizopangwa kama mkeka zilipikiwa wakati wa vita. Niliangalia chini nikaona alama za gundi nyeusi bado zimeandika ule mpangilio kwenye saruji, yaani mbao zimeondoka zimeacha kivuli chake.

JengaMjiMpya

Samahani mkuu lakini huu ni uharibifu na wewe unausimulia kama sifa. Watu wamevamia mali, wamechoma sakafu, wameuza lifti kama chuma chakavu, halafu tunawapigia makofi. Serikali iwatoe, iwape viwanja pembeni, apewe mwekezaji. Eneo liko karibu na bahari katikati ya mji. Kilimanjaro Hotel pale Dar ya 1965 ilichoka vilevile, ikapata mwekezaji, leo ukipita unaona fahari.

Utingo_wa_Tunduma

Mwekezaji mwekezaji. Siku wakikujia na hilo neno mtaani kwako ndo utajua maana yake.

JengaMjiMpya

@Utingo_wa_Tunduma jibu hoja.

NondoKumiNaSita

Najibu mimi.

@JengaMjiMpya kwanza kuhusu kuvamia. Msumbiji walitaifisha nyumba za kupangisha 3 Februari 1976, zikawa chini ya shirika la serikali. Sisi tulifanya yetu 1971, majengo ya thamani inayozidi shilingi laki moja yakaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye akaunganishwa na NHC, Shirika la Nyumba la Taifa. Humu ndani wangapi mmezaliwa kwenye nyumba za Msajili za Kariakoo na Upanga? Babu yako hakuitwa mvamizi, alipewa kitabu cha kodi. Wale wa Grande Hotel wengine waliingia na watoto mgongoni usiku wanasikia risasi. Tofauti yako na wao ni kitabu.

Pili kuhusu mbao. Una watoto, kuna vita, kuni za nje ya mji anakwenda kuzikata nani? Ukichoma sakafu ya Mreno ugali ukaiva, nani kaibiwa?

Tatu, hili la mwekezaji, na hapa naongea kama fundi. Hoteli hiyo ilishindwa kulipa ikiwa MPYA, na mji ukiwa unapokea Rhodesia nzima. Kilimanjaro iko Dar, kuna mikutano, kuna mabalozi, kuna bandari, na ilikuwa inafanya kazi kama hoteli miaka na miaka. Hii ya kwetu haikupata miaka 10. Kama hoteli imeshindwa, kama nyumba imedumu miaka 40 na ushee. Sasa niambie wewe mwenye hesabu, kazi ya lile jengo ni ipi?

JengaMjiMpya

Kudumu si hoja, hata uchafu unadumu. Wewe mwenyewe umesema mabomba yameng'olewa, yaani hakuna maji. Ungekubali mwanao akae pale?

DadaKePili

Huyu kauliza jambo la maana, msimzomee.

Na mimi nina langu. Mkuu Nondo umeandika lifti, umeandika saruji, umeandika gundi. Kuna watu 2,000 hapo na maji hayapandi. Nani anayabeba? Na choo je? Mnajua kusimulia nyie wanaume, nyumba yenyewe mnaisahau.

NondoKumiNaSita

@DadaKePili umenikamata. Naandika polepole hapa.

Maji wanabeba wanawake na watoto wa kike. Yanatoka nje, ndoo ya lita 20 kichwani, ngazi ambazo kingo zake zimelika na hazina pa kushika. Na kuna kitu nilikiona pale. Ngazi ni pana ila kuna sehemu imebomoka ukuta wa pembeni, mnaopishana lazima mmoja asimame. Anayeshuka ndo anasimama. Hata awe mwanamume mtu mzima, hata awe na haraka, akisikia hatua za mtu mwenye ndoo anabana ukutani, anasubiri apite. Nilishuka mi mgeni sijui nikamkuta mama kwenye kona na ndoo yake, nikasimama katikati kama nguzo, hakunitukana, alisimama tu akaniangalia mpaka nikaelewa. Kijana wa Mocímboa akaniomba radhi kwa niaba yangu.

Choo sitawadanganya. Mfumo wa maji taka umekufa zamani. Wanajisaidia nje, na wengine usiku kwenye ndoo. Zile njia za lifti zimekuwa jalala, ghorofa zote zinatupa humo, ukisogea karibu harufu inakusukuma nyuma, na mdomo wake hauna kizuizi chochote. Mtoto akikimbia gizani kwenye korido anatumbukia. Hilo ndo jambo lililonikosesha usingizi mle ndani kuliko lingine lolote.

Na bwawa la Olimpiki bado lipo, maji ya mvua ya kijani, vyura, na ukingoni kina mama wanafua. Watoto wanaogelea humohumo. Hivyo @JengaMjiMpya swali lako la mwanangu, hapana, nisingependa. Ila na wao hawapendi, tusidhani wamepachagua kama unavyochagua hoteli.

bint_Shangani

Hapo kwenye ngazi umeniliza.

Mswahili_wa_Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Mimi nataka kuuliza kitu kimoja, je hivyo vyumba wanauziana? Maana popote penye watu pana dalali.

NondoKumiNaSita

@Mswahili_wa_Kibokoni wanapangisha na wanauziana vizuri tu 😂 aliyeingia zamani anahesabika ndo mwenye chumba, akihama anamwachia mtu kwa pesa au anapangisha. Bei sikuuliza, ningeonekana nataka kununua. Na madaraja yapo vilevile kama zamani, chumba chenye baraza la upande wa upepo ni cha mkubwa, aliyechelewa anakaa vyumba vya ndani visivyo na dirisha, au kwenye yale majengo madogo ya pembeni ya bwawa walipokuwa wanavulia nguo. Jikoni kwenyewe na stoo zake kumekatwa kwa matofali watu wanaishi.

Yaani tajiri wa Rhodesia alilipia upepo wa bahari na leo upepo bado unalipiwa.

Utingo_wa_Tunduma

Hii ya upepo naichukua 😂😂

Kiongozi_wa_Zege

Mkuu mwenzangu, mi ni wa zege. Nieleze hali ya muundo. Jengo la pwani la miaka ya 50, halijapakwa rangi miaka 50, chumvi ya bahari, nondo zinasemaje?

NondoKumiNaSita

@Kiongozi_wa_Zege nilijua utakuja.

Kwa wasio mafundi: nondo inakaa salama ndani ya zege kwa sababu zege linaifunika. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inapenya taratibu kwenye vinyweleo vya zege, ikifika kwenye nondo kutu inaanza. Na kutu ni nene kuliko chuma kilichoizaa, inavimba, inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka linabanduka vipande. Likishabanduka nondo iko uchi, inakula chumvi moja kwa moja. Huko ndo liliko lile jengo. Kwenye mabaraza ya upande wa bahari nimeona nondo nje kabisa, nyekundu, ukiikwangua kwa kucha inatoka maganda kama kitunguu. Na miti ya juu mizizi yake inafuata nyufa, mvua inafuata mizizi.

Ila nguzo za ndani mkuu, Mreno hakubania saruji. Nguzo nene, zimetulia. Ukiniuliza litaanguka lote leo nakwambia hapana. Ukiniuliza baraza moja linaweza kuondoka na mtu anaanika nguo, nakwambia muda wowote.

Kiongozi_wa_Zege

Basi tiba ipo. Unabandua zege bovu lote, unasafisha nondo, zilizokonda unaongezea, unarudishia zege jipya. Unang'oa miti na mizizi, unaziba paa. Sio kazi ya siri, ni pesa tu na watu watoke kwa awamu, upande mmoja baada ya mwingine.

NondoKumiNaSita

Ndo hapo. Na ukishatumia hiyo pesa yote, unafanya hoteli au unawarudishia wenyewe na choo juu?

JengaMjiMpya

Okei. Kama watu watarudishwa na kuwekewa maji na njia za lifti zizibwe nakubali. Sikuwa na ubaya na mtu, mi naumia tu kuona jengo linaisha.

MzeeNachi

Umejibu kiungwana.

bint_Shangani

Na msidhani jengo likiwa la serikali na liko kwenye vitabu vya urithi wa dunia ndiyo salama. Beit al Ajaib, lile jumba la kifalme la Forodhani, ilikuwa kwenye ukarabati ikaporomoka upande Disemba 2020, mchana, tunaitazama. Mie nilikuwa Forodhani nimesikia mlio nikadhani mashua imegonga gati.

Mangi_wa_Himo

Kimbunga Idai si kilipita hapohapo Beira? Jengo lilipona?

NondoKumiNaSita

@Mangi_wa_Himo ndiyo, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019. Msumbiji peke yake walikufa zaidi ya watu 600. Beira ilipigwa vibaya mno, mabati yaliruka mji mzima, maji yakaja juu ya mji kwa vile nilivyowaambia uko chini.

Mi nilisharudi Mbeya. Simu ya kijana wa Mocímboa haikupatikana karibu wiki 2, siku ya kupatikana alikuwa anaongea kama mtu aliyeamka sasa hivi. Yeye alikuwa amepanga Munhava, kibanda chake kiliondoka na paa. Nikamuuliza kule hotelini je, akasema maji yaliingia kila chumba kwa sababu hakuna dirisha hata moja, magodoro yameharibika, lakini zege haliruki. Wenye nyumba nzuri za bati walikuwa wanaangalia mbingu, na wale tunaowaita maskini wa mwisho walikuwa na paa. Sijui nilichukulieje hilo.

DadaKePili

Mkuu yule mama wa ngazini ulimfahamu zaidi au ndo iliishia hapo?

NondoKumiNaSita

Huyo wa ngazini hapana. Ila kuna mama mwingine, yule wa mkate pale chini. Kwa kuwa katibu alitangaza mi ni fundi, akaniomba nipande nikamwangalilie dari. Chumba chake ghorofa ya pili. Kitenge mlangoni, ndani kitanda, jiko la mkaa limetolewa kwenye baraza, masufuria yanang'aa unajiona sura, kalenda ya kanisa ukutani. Namba ya chumba bado ipo juu ya mlango, namba ya hoteli ileile, na watu pale wanaitana kwa hizo namba.

Dari juu ya kitanda lina ufa na doa la kutu. Nikapanda kwenye kiti nikagonga kwa kichwa cha nyundo, taratibu. Mafundi mnajua, zege zima linalia kavu, zege lililoachia linalia kama debe. Lililia kama debe, eneo kubwa kama meza ya chakula. Nikamwambia kijana amwambie, hiki kipande kitashuka, siwezi kusema lini, hamisha kitanda leo, usingoje kesho. Akahamisha tukiwa palepale, mi na kijana tukabeba upande mmoja yeye na binti yake upande mwingine, tukakisogeza mpaka ukuta wa pili. Ikabidi meza itoke nje koridoni. Akanipa mikate 4 nikakataa, akakasirika nikapokea.

Kiongozi_wa_Zege

Ulifanya vizuri. Kipande kilishuka?

NondoKumiNaSita

Baada ya Idai ndo kitu cha kwanza nilimuuliza kijana, akaenda kunichekia. Hakijashuka. Ufa umeongezeka ila bado kimeshika.

Na kitanda kimerudi palepale chini yake. Binti yake amezaa, upande ule wa pili wamelaza mtoto.

Kiongozi_wa_Zege

Daah.